Dola 1,000 na Komite ya Kijiji

Miradi mingi ya teritwari saba za Maniema hupitia ofisi za Kindu ikiwa imekwisha kuandikwa: komite iwe hivi, mkutano uende vile. Sasa serikali inajenga shule na vituo vya afya kupitia programu ya teritwari 145, na watakaovitunza ni wanakijiji. Ndiyo maana inafaa kuukumbuka mradi wa Tuungane.

Mradi huo ulianza 2007 mashariki ya Kongo, Maniema ikiwamo, chini ya mashirika ya IRC na CARE kwa fedha za Uingereza. Ulifika vijiji 1,250 hivi. Watu walifundishwa kuchagua komite kwa kura, kujadili mahitaji na kudai hesabu. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakiongozwa na Macartan Humphreys, walikwenda vijiji 560, vingine vya Tuungane, vingine havikuwahi kuuona mradi. Kila kijiji kiliahidiwa dola 1,000 kwa masharti machache, kijipangie chenyewe nani asimamie. Ripoti ya 2012 haikukuta tofauti ya maana: waliofundishwa hawakuwazidi wenzao katika kushiriki, kutunza fedha wala kuwajibika.

Wengi waliona mradi umeshindwa. Mimi naona kwamba kila kijiji kilikuwa na utaratibu wake tangu zamani, na hakuna aliyekiuliza. Tazama likelemba ya akina mama sokoni, ambamo kila mmoja huchanga fedha na kupokea mchango wote kwa zamu. Mmoja akifiwa kabla ya zamu yake, mwenzake humwachia zamu, wakaendelea bila kikao cha kubadili kanuni. Lakini fedha huhesabiwa mbele ya wote, na hilo halibadilishwi kwa ajili ya mtu yeyote.

Sisemi kila sharti lilegezwe. Katika nusu ya maeneo Tuungane ilidai wanawake wawe sawa na wanaume kwenye komite. Kwingine watu waliachiwa wachague wapendavyo, na wanawake wakapungua sana. Sharti hilo nalitetea kwa moyo wote. Hata hivyo, hata lilipofuatwa, mawazo ya watu juu ya nafasi ya mwanamke hayakubadilika. Kiti peke yake hakitoshi. Mkutano ukiitwa asubuhi, mama yuko shambani. Ukiitwa siku ya soko, yuko njiani na kitunga cha mihogo kichwani. Idadi ya wanawake ibaki kwenye kanuni, ila siku na saa ya kukutana waipange wao.