Mtufaa mchanga: mkasi kwanza, kamba baadaye

Wengi wanaopanda matufaa nyuma ya nyumba, kule Njombe, Lushoto au Limuru, huogopa mkasi mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu, mti umerefuka na hauna hata tunda, ndipo huukata kwa hasira. Ilipaswa kuwa kinyume chake.

Siku ya kupanda, kama mche ni ufito mmoja usio na matawi, ukate sentimita 75 hadi 80 kutoka ardhini. Inauma, hasa ukikumbuka bei ya miche iliyobebeshwa. Lakini ncha ya mche hutengeneza homoni inayoshuka na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Iondoe, nayo yataamka. Chipukizi la juu kabisa liache liwe shina kuu, kisha chagua matawi matatu au manne yanayotazama pande tofauti, yasiyotoka usawa mmoja.

Sasa weka mkasi chini, chukua kamba. Tawi lililosimama wima hukimbilia kurefuka na kutoa majani. Lililolazwa hupunguza mbio na kuanza kufanya macho ya maua. Huku kwetu milimani jambo hili lina uzito zaidi, kwani baridi haitoshi kuamsha kila jicho. Hata Anna, aina iliyotoka Israel na isiyodai baridi nyingi, ikiachwa wima huweza kuchipua nchani tu, huku chini tawi likibaki tupu kama fimbo. Livute tawi lingali laini, lifikie nyuzi 60 hivi kutoka kwenye shina, ulifunge kwenye kigingi. Tumia kitambaa, tena kilegee, maana kamba iliyokaza hukata gome tawi linaponenepa. Panda ya tawi na shina iliyobana sana usiibakize: gome hunaswa katikati, na siku ya mzigo wa matunda tawi hupasuka.

Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo cha kubebesha yang'oe yote. Hayo si ya aina uliyoinunua. Vitawi vifupi vyenye vinundu kwenye matawi ya miaka miwili viache, ndiko matunda yanakokaa.

Njombe, pogoa baridi inapoelekea kwisha, Julai au Agosti, kabla macho hayajavimba. Kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje, siku kavu, kwa mkasi mkali uliosafishwa. Kidonda kikinyeshewa hukaribisha ukungu.