Mrudishieni Kijana Simu Yake

Anayeuliza anaweza kuwa mama wa Mbita anayeuza omena apate karo, au baba mwalimu wa Awendo. Maneno ni yale yale: "Daktari, kijana wetu wa chuo ameshikwa na uraibu wa intaneti. Hajiamini tena, hata wageni wakija anajificha. Tumempokonya simu, tumempa simu ndogo ya kabambe. Akae nayo muda gani ndipo apone?"

Hatapona kwa njia hiyo. Mrudishieni simu, halafu tuzungumze.

Najua dawa hii inavyosifiwa, kanisani na kwenye vikao vya wazazi. Hoja yake ni nyepesi: simu iliingia, kujithamini kukatoka, simu ikitoka, kujithamini kutarudi. Laiti akili ya binadamu ingefanya kazi hivyo, mimi ningekuwa sina ajira.

Tuanze na kilichotangulia. Tafiti nyingi mnazotajiwa huwapa wanafunzi karatasi mbili. Moja ina maswali 20 ya Kimberly Young, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuuzungumzia uraibu huu katikati ya miaka ya 1990. Nyingine ina sentensi 10 za Morris Rosenberg za kupima kujithamini, zilizotoka mwaka 1965. Anayepata alama nyingi kwenye ile ya Young mara nyingi hupata chache kwenye ile ya Rosenberg. Sikatai. Ila karatasi zote mbili zilijazwa kwa kikao kimoja, na karatasi za kikao kimoja haziwezi kukwambia kipi kilimleta mwenzake.

Kwenye chumba cha ushauri, hadithi mara nyingi huanzia mbali na simu. Msichana aliyekuwa wa kwanza katika shule yake ya Nyatike anaingia Chuo Kikuu cha Rongo na kukuta darasa zima lilikuwa la kwanza huko lilikotoka. Mvulana wa Chuo Kikuu cha Tom Mboya, mjini Homa Bay, ana deni la karo, mkopo wa HELB umechelewa, na alama za somo moja hazionekani popote. Anaona haya kumwambia baba. Usiku anaingia TikTok, mahali ambapo hakuna anayemuuliza amefikia wapi. Kumpokonya simu kijana huyo ni kumkataza mgonjwa wa malaria asitetemeke.

Sisemi simu haina lawama. Anakesha nayo, anakosa kipindi cha saa moja asubuhi, anaogopa kumkabili mhadhiri, anarudi kujificha humo humo. Huko nako anakutana na wenzake waliovaa vizuri na kucheka vizuri, akajiona si kitu. Duara limekamilika. Lakini duara hilo halivunjwi kwa kuondoa kifaa na kuliacha deni, haya na upweke vilivyo.

Halafu mnanitajia saa: "Anashinda nayo saa nane!" Saa peke yake hazinipi jibu. Mwaka 2019, Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza. Walikuta kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali hayakueleza zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wa vijana hao. Mimi nataka kujua kama anaweza kuiweka chini akitaka, nini kimeharibika kwa sababu yake, na anamficha nani.

Tena dawa yenu kijana ameshainywa. Shule zetu za sekondari za bweni hazitaki kuona simu, kwa hiyo kwa miaka minne alikuwa nayo likizoni tu, na wakati mwingine hata likizoni hakuwa nayo. Akamaliza KCSE, mkamnunulia simu kubwa kama zawadi, akaenda hosteli asikojua mtu, bila kengele ya kulala wala mwalimu wa zamu. Kama kunyimwa kungefundisha kujitawala, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wangekuwa mabingwa.

Na kabambe hiyo atasomea nini? Masomo ya muhula husajiliwa mtandaoni, fomu ya HELB hujazwa mtandaoni, na mhadhiri akihamisha kipindi, habari huwekwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kijana ataazima simu ya mwenzake wa chumbani, au atanunua nyingine ya siri na kuwadanganya. Mtu wa miaka 20 anayetendewa kama mtoto wa chekechea hapandi alama kwenye kipimo cha Rosenberg.

Wako waliofika mbali kuliko ninyi. Huko China, vijana walipelekwa kwenye kambi za kuwatoa intaneti mwilini, na katika hospitali moja ya Linyi walipigwa shoti za umeme. Mwaka 2009 Wizara ya Afya ya nchi hiyo iliamuru shoti hizo zikome kwa tatizo hili. Ukali ulijaribiwa kwa kipimo cha juu kabisa, na haukugeuka tiba.

Hata jina la ugonjwa lisiwatishe. Mwaka 1995 daktari wa akili wa New York, Ivan Goldberg, alitunga "ugonjwa wa uraibu wa intaneti" kama mzaha. Watu wakamwandikia kwamba wanao. Orodha ya magonjwa ya WHO iliyoanza kutumika Januari 2022 haina uraibu wa intaneti kwa jumla. Ina ugonjwa wa michezo ya kidijitali na ugonjwa wa kamari. Kwa hiyo acheni kuuliza anakaa mtandaoni muda gani. Ulizeni anafanya nini humo. Kama karo imeruka na ndege ya Aviator, hiyo ni kamari, na matibabu yake ni mengine.

Sasa ya kufanya, upesi. Usingizi kwanza: simu ichajiwe mbali na kitanda. Azime arifa zote isipokuwa za darasa na za nyumbani. Aache bando la saa moja, linamlazimisha kulimaliza. Deni la karo lizungumzwe wazi, pamoja na mpango wa kulilipa. Arudi kwenye kitu kimoja cha watu: mpira, kwaya, kikundi cha kusoma. Mshauri nasaha yupo chini ya ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Aende mwenyewe, asiburutwe. Tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na tabia husaidia, ila huchukua wiki kadhaa, si Jumapili moja. Kama ni kamari, aombe akaunti ifungwe na pesa zishikwe na mtu anayemwamini. Akiwa hali, halali, haogi, huenda ni sonona: mpelekeni hospitali ya rufaa ya kaunti, Migori au Homa Bay, au Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu. Akitamka kwamba afadhali afe, nendeni siku hiyo hiyo, wala msimwache peke yake.

Na mkija kwangu, njooni naye. Simu yake awe nayo mfukoni. Nitataka anionyeshe mwenyewe anachofanya nayo.