Mvua ya Kwanza na Mbegu ya Mkulima wa Igawa

Msafiri atokaye Makambako kwenda Mbeya huiacha baridi ya milimani, akateremka hata Igawa, mahali ambapo barabara kuu yauvuka mto Mbarali, na hapo ndipo ianzapo nchi tambarare ya Usangu. Mto huo watoka katika milima ya Kipengere, ambako mvua ni nyingi. Bali huku chini ni nchi ya joto, na mvua yake ni haba. Basi mkulima wa Igawa ana maji ya namna mbili: yale ya mtoni, ambayo yaliwanyeshea wengine kwanza, na yale yaangukayo shambani mwake mwenyewe. Twapenda kueleza jinsi ya kuyatumia yote mawili, kwa maana masika hayaji tena kama wazee walivyoyazoea.

Desturi ya watu wengi ni hii: mvua ya kwanza ikinyesha mwezi wa Novemba, kila mtu hushika jembe akapanda mahindi. Desturi hiyo haikuzaliwa na ujinga. Mahindi yaliyopandwa mapema hupata masika yote tangu mwanzo mpaka Aprili, na mvua za kwanza huamsha rutuba iliyolala ardhini wakati wa kiangazi. Lakini siku hizi mara nyingi mvua ile ya kwanza hunyesha siku mbili tatu, kisha hukoma kwa majuma mawili au zaidi. Mbegu huota, jua huichoma, na mkulima hurudi dukani kununua nyingine, akiwa na fedha. Na asipokuwa nazo, hupanda nafaka ile aliyoiweka kwa chakula.

Kwa nini mambo yamegeuka? Katika taarifa yao ya mwaka 2021, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba dunia imeongezeka joto kwa kiasi cha digrii 1.1 kupita ilivyokuwa kati ya mwaka 1850 na 1900. Kiasi hicho chaonekana kidogo, lakini kila digrii moja ikiongezeka, hewa yaweza kubeba mvuke zaidi, kama sehemu 7 katika 100. Hewa ni kama mtungi: mtungi mkubwa hukawia kujaa, bali ukimwagika humwaga maji mengi kwa mara moja. Ndiyo maana mahali pengi siku za ukavu katikati ya masika zimezidi, na mvua ijapo hushuka kwa kishindo, ikakimbia juu ya ardhi pasipo kuzama. Jumla ya mvua ya mwaka yaweza kuwa ile ile, na bado mahindi yakafa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza utabiri wa masika haya kila mwaka kabla hayajaanza, na yafaa kuusikiliza. Lakini utabiri huo wahusu mikoa mizima. Hauwezi kusema kama wingu litapita juu ya shamba lako siku ya Jumanne. Kwa hiyo kila kijiji kipime chenyewe. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa latosha: liwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, na kila asubuhi mwalimu na wanafunzi wake wapime kina cha maji kwa rula, waandike daftarini, kisha walimwage. Milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Milimita 20 katika eka moja ni kama lita 80,000, yaani mapipa 400 ya lita 200. Hesabu hii wanafunzi huipenda, nasi twaona ina faida kuliko hesabu nyingi zilizomo vitabuni.

Tena yafaa kuchimba. Mvua ikipata milimita 20 au zaidi katika siku chache, mkulima achimbe shambani kwa jembe. Kama udongo una unyevu kina cha shibiri moja, na ukiufinya mkononi washikamana, basi mbegu yaweza kuwekwa. Kama unyevu ni wa vidole viwili tu, angoje. Wala si lazima kupanda shamba zima siku moja. Anayepanda nusu leo na nusu baada ya siku kumi hawezi kupoteza yote kwa ukavu mmoja. Kadhalika matuta yafungwe kwa vigingi vidogo vya udongo kila baada ya hatua mbili tatu, ili maji ya mvua kubwa yatuame humo na kuzama. Wamatengo wa Mbinga hufanya jambo la namna hiyo tangu zamani kwa mashimo yao ya ngoro, ingawa wao wakaa katika miteremko mikali na Igawa ni tambarare.

Habari ya mtama ina ugumu wake. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, hata kwa majuma mawili, magunzi hubaki matupu. Bali mtama hukunja majani yake, ukangoja, na mvua ikirudi huendelea kukua. Kwa shamba la juu lisilofikiwa na mfereji, twaona haifai kutegemea mahindi peke yake. Lakini twajua sababu za watu kuukataa. Zamani za ukoloni mihogo na mtama vililimwa kwa amri, na kitu cha amri hakipendwi. Tena kuna kwelea kwelea, na ndege hao hawana haja ya kusikia hotuba ya Bwana Shamba. Anayepanda mtama peke yake kati ya majirani wa mahindi huwalisha ndege wa nchi nzima. Majirani wakipanda pamoja, katika juma moja, hasara hugawanyika na zamu za kulinda huwezekana. Wenye kupenda mahindi watafute mbegu zinazokomaa mapema, kama Situka.

Yabaki mpunga, ambao ndio fedha ya Usangu. Wengi hudhani kwamba mpunga ni mmea wa majini, kwa hiyo jaruba lijae sikuzote. Sivyo. Huko Madagascar, katika mwaka 1983, padri Henri de Laulanié aliona kwamba miche michanga, ikipandwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25, na maji yakiachwa yakauke kisha yaingizwe tena, huzaa vizuri. Hapa kwetu kilimo hicho chaitwa shadidi. Chataka palizi nyingi, na hilo lisifichwe. Tena wakati wa kuchanua mpunga usikose maji.

Lakini shida kubwa si palizi. Mkulima haogopi kukausha jaruba lake kwa sababu ya mpunga. Aogopa kwamba akishayaacha maji, zamu yake haitarudi. Aliye karibu na banio hufungua usiku, na wa mwisho wa mfereji hungoja bure. Katika hali hiyo kila mtu huweka maji mengi awezavyo, nayo hupotea kwa jua. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Mbarali, ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi katika miaka ya 1990, na ndio mto uendao Mtera na Kidatu. Basi viongozi wa vyama vya watumia maji waandike zamu kabla mpunga haujahamishwa kutoka kitaluni, waibandike penye banio kwa herufi kubwa, na adhabu ya kufungua usiku iwe ile ile kwa mwenyekiti na kwa mjane.