Mteja haoni picha? Usikimbilie kulaumu mtandao wake

Wajasiriamali wenzangu, hii iliniuma, ndiyo maana naileta hapa.

Nauza vitenge na kushona sare za sherehe. Nina kaduka kangu ka mtandaoni, wateja nawatumia linki WhatsApp. Siku moja dada mmoja akataka sare 15 za kicheni pati. Nikamtumia linki achague kitambaa. Akajibu: "Dada, mbona naona viboksi vitupu tu?" Nikamwambia huo ni mtandao wako dada yangu, jaribu baadaye. Jioni akaandika: "Nimeshapata kwingine, asante."

Sare 15 zikaenda hivyo hivyo.

Kwenye simu yangu picha zote zilifunguka. Kesho yake nikaazima iPhone 7 ya mdogo wangu, nikafungua duka. Viboksi vitupu!

Kumbe tatizo nilikuwa mimi. Wiki ile nilibadilisha picha zote kuwa AVIF, maana ni nyepesi na hazimli mteja bando. Ni kweli ni nyepesi. Lakini Chrome ilianza kuzifungua 2020, Firefox 2021, na iPhone ni kuanzia iOS 16 ya mwaka 2022. iPhone 7 inaishia iOS 15. Hata mteja akiweka Chrome kwenye iPhone hiyo, bado hatoziona, kwa sababu kwenye iPhone Chrome nayo inatumia injini ile ile ya Safari.

WebP ina nafuu: iPhone inaifungua tangu iOS 14 ya 2020. Ila mwenye iPhone 6, inayoishia iOS 12, haoni kitu.

Nikajaribu ujanja, nikafuta .avif kwenye jina nikaandika .jpg. Wapi! Umebadilisha lebo tu, kilichomo ndani ni kile kile. Lazima uigeuze picha yenyewe kwa programu.

Sasa hivi nafanya hivi:

1. Picha za bidhaa naweka JPG. Ipo tangu 1992, kila simu inaifungua. Ili isiwe nzito, napunguza upana hadi pikseli 1080 kabla ya kupandisha.

2. Kama una fundi wa tovuti, mwambie atumie tagi ya "picture": AVIF au WebP itangulie, JPG iwe ya akiba. Simu mpya itachukua nyepesi, ya zamani itachukua JPG.

3. Unapiga picha kwa iPhone? Huwa inahifadhi HEIC, ambayo Chrome haifungui. Ingia Settings, Camera, Formats, chagua "Most Compatible".

4. Kila nikipandisha mzigo mpya, nafungua duka kwa simu ya zamani ya mtu mwingine.

Mteja akikwambia haoni picha, usimbishie. Muulize anatumia simu gani, na hapo hapo mtumie picha WhatsApp asikupotee.

Haya, duka lako mara ya mwisho umelifungua kwa simu ya nani?