TAA MOJA YATOSHA KUANZIA

Vikundi vya vijana vinavyofungua studio za picha ni vya kupongezwa. Baadhi yao hutumia akiba zao, na wengine hutegemea mikopo ya halmashauri, ambayo kwayo vijana wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani. Lakini mkopo ni deni, na deni sharti lilipwe. Kwa hiyo tunaona ni wajibu wetu kuwanasihi juu ya ununuzi wa taa, ambao aghalabu humeza mtaji kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi.

Wapo wanaodhani kwamba wingi wa taa ndio uzuri wa picha. Sivyo hata kidogo. Seydou Keïta wa Mali, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, alijipatia sifa duniani kwa picha ambazo nyingi alizipiga kwa mwanga wa jua uani. Linalotakiwa kwanza ni kuujua mwanga wenyewe. Chanzo kikubwa kilicho karibu na uso hulainisha vivuli. Chanzo kidogo huvifanya vikali. Tena, umbali wa taa ukiongezwa mara mbili, mwanga unaoufikia uso hubaki robo tu. Basi taa ya wastani iliyosogezwa karibu yaweza kufanya kazi ya taa ya bei ghali iliyowekwa mbali.

Anayeanza anahitaji taa moja, stendi imara, mwavuli mweupe au softiboksi, na ubao mweupe wa kurudisha mwanga upande wa kivuli. Taa na ikae ubavuni, kiasi cha nyuzi 45, juu kidogo ya macho. Flashi hutoa mwanga mwingi kwa nukta moja na kuzuia picha isitikisike. Taa ya LED huwaka muda wote, humwonyesha mpigaji kivuli kabla hajapiga, na hufaa kwa video pia. Mwenye kuinunua aulize kipimo cha usahihi wa rangi, CRI; kikifika 95 ni kizuri. Na penye umeme wa kukatikakatika, ichaguliwe inayokubali betri.

Liko pia suala la heshima. Kwa miaka mingi kadi za Kodak za kusawazishia rangi zilibeba sura ya mwanamke Mzungu, na ngozi nyeusi zikapotea gizani. Haifai sisi wenyewe tuendeleze dhuluma hiyo kwa kumwagia mteja mwanga hadi apauke. Ngozi nyeusi hung'aa vyema kwa mwanga mpana utokao ubavuni. Mwenye kulipa ana haki ya kujiona alivyo.

Tunawaomba maofisa wanaopitia maombi ya mikopo waulize kazi ya kila kifaa kilichoorodheshwa. Nao vijana wakumbuke kwamba haba na haba hujaza kibaba: taa ya pili na inunuliwe kwa jasho la taa ya kwanza.