Kwa nini mwanya wa mlango hufichua afya ya gari la zamani?

Katika mitaa ya Katwe, iliyomo ndani ya tarafa ya Makindye jijini Kampala, mlio wa nyundo juu ya bati si jambo geni. Eneo hili limejulikana kwa miongo mingi kuwa makao ya mafundi wa chuma.

Kwa anayetaka kulirejesha gari la kale katika hali yake ya awali, ujuzi wa aina hiyo ni muhimu kuliko rangi yenyewe. Baadhi ya magari hayo yana historia ndefu katika kanda hii. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, nayo Peugeot 504 ikatwaa ushindi mwaka 1975 na 1978.

Kupata gari jingine la namna hiyo kutoka nje si rahisi. Mwaka 2018, Uganda ilipitisha sheria inayozuia uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Aliyerithi Peugeot ya baba yake hana budi kuitunza aliyo nayo.

Mwanya unasema nini?

Mwanya ni ile nafasi nyembamba inayotenganisha mlango na sehemu zinazouzunguka: nguzo, kizingiti, madigadi na mlango wa pili. Katika magari mengi ya zamani huwa wa milimita chache tu, aghalabu kati ya 3 na 6. Jambo la kuzingatia ni kwamba uwe sawa kutoka juu hadi chini.

Mwanya usipokuwa sawa juu na chini, huenda bawaba zimelika. Lakini huenda pia kizingiti kilicho chini ya mlango kimeliwa na kutu, na bodi imeanza kulegea katikati. Gari kama Peugeot 504 halina chesisi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Kizingiti kikioza, mlango ndio wa kwanza kutoa habari.

Hatari yake si ya sura peke yake. Mlango usiokaa sawasawa huingiza vumbi na maji ya mvua, na kitasa kisichoshika vizuri kinaweza kufunguka gari likiwa mwendoni.

Kazi huanzia wapi?

Kwanza ni kuupima mlango. Ufungue kidogo, kisha uinue kwa mkono kutoka ukingo wake wa nyuma. Ukicheza, pini au bushi za bawaba zimekwisha, na hazina budi kubadilishwa kabla ya kulegeza bolti yoyote.

Pili ni bodi. Gari liwe juu ya uwanja tambarare, likisimama kwa magurudumu yake. Likiinuliwa kwa jeki katikati, bodi iliyochoka hupinda na vipimo vyote hudanganya. Kabla ya kukata kizingiti kilichooza, vyuma vya muda huchomelewa ndani ya uwazi wa mlango ili usibadilike umbo. Kizingiti cha upande mmoja humalizwa kabla ya kugusa cha upande wa pili.

Tatu ni mpangilio. Katika gari la milango minne, kazi hutoka nyuma kwenda mbele. Bodi ya nyuma imechomelewa wala haisogei, kwa hiyo mlango wa nyuma hulinganishwa nayo. Mlango wa mbele hufuata ule wa nyuma, madigadi hufuata mlango wa mbele, na boneti huja mwisho. Anayeanzia mbele hujikuta amefika nyuma akiwa na kosa lisilo na pa kwenda.

Wakati wa kurekebisha bawaba, kile chuma cha kwenye nguzo kinachoshikwa na kitasa huondolewa kwanza. Kikiachwa, kinaweza kuunyanyua mlango na kuficha kasoro. Hurudishwa mwishoni, mlango ukiwa tayari umekaa mahali pake.

Makosa yanayogharimu

Kosa kubwa ni kupaka rangi kabla ya kujaribu. Milango inapaswa kufungwa ikiwa na vioo vyake, kwa kuwa uzito wa kioo huishusha, na ikiwa na mipira mipya, kwa kuwa mpira mpya ni mnene na husukuma mlango nje. Mafundi makini huweka alama mahali pa bawaba, kisha hufungua kila kitu na kupaka rangi. Nafasi kidogo huachwa pia kwa ajili ya unene wa rangi.

Kosa la pili ni kuziba mwanya mpana kwa puti. Ukingo wa mlango hupigwa kila siku, na katika barabara za murram puti hiyo haichukui muda kupasuka. Ni afadhali kuongeza chuma chembamba kwa kuchomelea, kisha kukipiga tupa.

Jaribio la mwisho halihitaji mashine. Weka kipande cha karatasi kati ya mlango na mpira, funga, kisha kivute. Kikitoka bila kukazana, mahali hapo ndipo mvua itakapoingilia.