Kaskazini na Kusini, Maneno ya Mabaharia

Mwalimu akimwuliza mtoto wa hapa Kamuli, "Uganda iko upande gani?" atajibu upesi, "Kaskazini." Lakini akiulizwa kaskazini maana yake nini, atanyamaza, na wazee wake wengi watanyamaza naye. Mashariki na magharibi hayana taabu. Ni maneno ya Kiarabu, ndiko jua litokako na lituako, na jua twaliona sote. Lakini kaskazini na kusini yametoka baharini, yapata kilomita 1,000 kutoka vilima hivi.

Kaskazi ni upepo uvumao pwani tangu Desemba hata Machi, ukitoka pande za Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba, ikitoka upande wa pili. Ongeza -ni, kama ile ya nyumbani na shambani: kaskazini ni huko kaskazi itokako, wala siyo huko iendako. (Hapa hata sisi tulikosea zamani.) Watu wa pwani waliita kusini suheli pia, nalo ni jina la nyota ambayo mabaharia waliitazama usiku.

Twauliza, kwa nini pande za dunia zipewe majina ya pepo? Kwa kuwa riziki ya mabaharia, na uhai wao, vilikuwa humo. Majahazi yalikuja Unguja na Mombasa kwa kaskazi, yakichukua tende. Yakarudi kwa kusi, yakichukua boriti na pembe. Aliyekawia hata msimu ukampita hakuwa na la kufanya ila kungoja upepo ugeuke.

Vasco da Gama, Mreno, aliyaona hayo. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 pamoja na rubani aliyepewa huko, na kusi ikamsukuma hata Calicut, katika Bara Hindi, tarehe 20 Mei. Siku 26 tu. Kurudi hakungoja. Alitweka tanga Oktoba, kaskazi haijakaza bado, akatangatanga baharini miezi mitatu, asifike Malindi ila tarehe 7 Januari 1499. Wengi wa watu wake walikufa kwa kiseyeye. Nao waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu zote, hata moja, São Rafael, ikabidi kuchomwa moto.